Elimu ya Juu ya Mipango Miji na Mikoa: Inamtumikia Nani?

Katika nchi ambayo sheria yake inasema ardhi ni mali ya umma, kupanga matumizi ya ardhi hakuwezi kuwa kazi ya ufundi peke yake. Anayeamua barabara ipite wapi, soko likae wapi, na shamba la nani ligeuzwe viwanja, anaamua pia nani atapata na nani atakosa. Hiyo ni siasa, hata ikichorwa kwa rula na kupakwa rangi za kijani na njano. Kwa sababu hiyo makala hii inakusudia kuihakiki elimu ya shahada za uzamili na uzamivu katika mipango miji na mikoa, na kuiuliza swali ambalo kila elimu ya juu katika nchi ya wakulima na wafanyakazi haina budi kuulizwa: inamtumikia nani?

Hatuandiki ili kuwabeza wataalamu. Kumbeza msomi ni ugonjwa ule ule wa msomi anayembeza mkulima, na vyote viwili huwanufaisha walanguzi wa ardhi. Tunaandika kwa sababu ziko sehemu nchini ambazo zinahitaji wataalamu hao leo, si kesho. Kitai, wilayani Mbinga, mkoani Ruvuma, ni mojawapo. Tutaitumia Kitai kama kipimo. Lakini kwanza tuitazame taaluma yenyewe ilikotoka.

CHIMBUKO LA TAALUMA

Mipango miji iliingia nchini mwetu ikiwa chombo cha utawala wa kikoloni. Kazi yake ya mwanzo ilikuwa kutenganisha watu: Wazungu huku, Wahindi katikati, Waafrika kule, na eneo la wazi kati yao kwa kisingizio cha afya. Mnazi Mmoja pale Dar es Salaam, kati ya Uhindini na Kariakoo, ni ushahidi unaoonekana hadi leo. Sheria ya mipango miji na vijiji, Sura ya 378, ilitungwa mwaka 1956 kwa kufuata mfano wa Kiingereza. Nayo iliendelea kutumika mpaka Bunge lilipotunga sheria mbili za mwaka 2007, yaani Sheria ya Mipango ya Matumizi ya Ardhi Na. 6 na Sheria ya Mipango Miji Na. 8. Kwa maneno mengine, tulipanga miji ya nchi huru kwa sheria ya mkoloni kwa muda wa miaka 46.

Mipango kabambe nayo ilikuwa kazi ya wageni. Ule wa Dar es Salaam wa mwaka 1949 ulitayarishwa na Waingereza. Ule wa 1968 na ule wa 1979 ulitayarishwa na kampuni za Kanada. Na mpango wa makao makuu mapya ya Dodoma wa mwaka 1976 ulitoka katika kampuni ya Toronto. Hatusemi kwamba kila kilichomo ndani yake kilikuwa kibaya. Tunasema kwamba taifa lililokuwa limetangaza siasa ya kujitegemea mwaka 1967 halikuwa na watu wake wa kutosha wa kuchora miji yake.

Ndiyo maana kuanzishwa kwa mafunzo hapa kwetu Afrika Mashariki ni ushindi unaostahili kutajwa. Chuo Kikuu cha Nairobi kilianza shahada ya uzamili ya mipango mwaka 1971. Chuo cha Ardhi Dar es Salaam kilianza kufundisha wapangaji mwanzoni mwa miaka hiyo ya 1970. Mwaka 1996 kikawa chuo kikuu kishiriki chini ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na mwaka 2007 kikawa Chuo Kikuu Ardhi. Dodoma nayo ilipata Chuo cha Mipango ya Maendeleo Vijijini kwa sheria ya mwaka 1980. Leo kijana wa Kitanzania anaweza kusoma mpaka uzamivu bila kuvuka mpaka. Lakini kumiliki majengo ya chuo ni jambo moja, na kumiliki fikra zinazofundishwa humo ni jambo jingine.

NADHARIA HAZINA USINGIZI

Chukua nadharia mbili ambazo hakuna msomi wa mipango ya mikoa asiyezijua. Ya kwanza ni ya Walter Christaller, aliyoitoa mwaka 1933 baada ya kuchunguza miji ya kusini mwa Ujerumani. Inasema kwamba miji na vijiji hujipanga kwa ngazi, kila mji ukihudumia eneo linalouzunguka, mfano wa vyumba vya masega ya nyuki. Hesabu yake ni safi. Lakini anayeijua hesabu hiyo na aijue pia historia yake: wakati wa Vita Kuu ya Pili Christaller huyo huyo alifanya kazi katika ofisi ya mipango ya utawala wa Kinazi, na masega yake yakatumika kupanga jinsi ya kuwaweka Wajerumani katika ardhi ya Poland iliyotekwa, baada ya wenyewe kuhamishwa. Nadharia iliyoonekana haina upande ilipata upande mara tu ilipopata mwenye nguvu wa kuitumia.

Ya pili ni nadharia ya vitovu vya ukuaji, iliyoanzia Ufaransa katika miaka ya 1950: weka viwanda katika miji michache, nayo maendeleo yataenea kama joto la jiko. Mpango wetu wa Pili wa Maendeleo wa Miaka Mitano (1969–1974) uliteua miji 9 ya namna hiyo: Arusha, Dodoma, Mbeya, Morogoro, Moshi, Mtwara, Mwanza, Tabora na Tanga. Nia ilikuwa njema, yaani kupunguza mzigo na upendeleo wa Dar es Salaam. Lakini tazama orodha: Songea haimo, wala mji mwingine wowote wa Ruvuma.

Kwa nini? Jibu la kitabuni ni kwamba Ruvuma ilikuwa pembezoni, mbali na reli na masoko. Jibu la historia ni tofauti. Chini ya ukoloni Songea ilifanywa ghala la nguvu kazi. Vijana wake walisafirishwa kwenda kukata mkonge Tanga na kwingineko, na nyumbani hapakujengwa reli wala kiwanda, kwa sababu mkulima mwenye soko karibu na shamba lake asingekubali kwenda kuuza jasho lake mamia ya maili. Umbali ule ulitengenezwa. Elimu ya juu inayompa mwanafunzi fomula ya kupima umbali bila kumpa uwezo wa kuuliza nani aliutengeneza, inamfundisha kuendeleza alichokiacha mkoloni huku akidhani anafanya sayansi.

MIPANGO YA MIKOA BILA WATU WA MIKOA

Mwaka 1972 Serikali ilipeleka madaraka mikoani, kwa muundo ulioshauriwa na kampuni ya Kimarekani ya McKinsey. Kila mkoa ukatakiwa kuwa na mpango wake wa maendeleo, na mikoa ikagawiwa kwa wafadhili: Tanga kwa Ujerumani Magharibi, Mtwara na Lindi kwa Finland, Kilimanjaro kwa Japani, Arusha kwa Marekani. Vitabu vinene vikaandikwa. Mkulima ambaye vitabu hivyo vilimhusu hakuweza kuvisoma, na mara nyingi hata mtendaji wa wilaya hakuviona.

Wakati huo huo ilifanyika Operesheni Vijiji ya mwaka 1973 hadi 1976, iliyohamisha mamilioni ya watu. Shabaha ya kuwaleta watu pamoja ili wapate shule, maji na zahanati ilikuwa ya haki, na shule nyingi za vijijini ni matunda yake. Lakini mahali pengi vijiji viliwekwa kando ya barabara kwa mstari ulionyooka, bila kuuliza maji yako wapi wala udongo mzuri uko wapi, kwa sababu kiongozi alitaka vionekane kutoka ndani ya gari. Makosa ya namna ile hayakutokana na itikadi ya Ujamaa. Yalitokana na urasimu ulioona kwamba mwananchi hana la kuongeza katika mpango wa makazi yake mwenyewe.

Wala si kweli kwamba njia nyingine haikuwako. Mkoani Ruvuma, mwanzoni mwa miaka ya 1960, vijana wa TANU walianzisha kijiji cha Litowa, na baadaye vijiji zaidi ya 15 viliungana katika Chama cha Maendeleo cha Ruvuma. Wanachama walikaa katika mikutano yao, wakapanga mashamba, wakapanga shule, wakapanga zamu za kazi. Mnamo Septemba 1969 Kamati Kuu ya TANU ilikivunja chama hicho. Sababu zake na matokeo yake yamejadiliwa kwa urefu mahali pengine, na Chama kinachojikosoa hakipungukiwi na kitu. Hapa tunachota fundisho moja tu: watu wasio na shahada waliweza kupanga, na waliyopanga waliyatekeleza kwa sababu yalikuwa yao.

TASNIFU ZILIZOFIKA KIJIJINI

Itakuwa si haki kusema kwamba wasomi wetu wote hawakuyaona hayo. Ziko kazi za elimu ya juu ambazo zilikwenda shambani zikarudi na ukweli. Fred Lerise, katika tasnifu yake ya uzamivu ya mwaka 1996, alichunguza matumizi ya ardhi na maji katika kijiji cha Chekereni, wilayani Moshi. Kijiji hicho kiko upande wa mwisho wa maji ya mradi wa umwagiliaji wa Moshi Chini, uliojengwa kwa msaada wa Japani. Mpango ulihesabu maji kwa eneo lililopimwa. Wakulima wa juu, walipoona mpunga unalipa, walipanua mashamba yao nje ya ramani, na wa chini wakabaki na mifereji isiyo na maji. Mpango haukushindwa kwa kukosa hesabu. Ulishindwa kwa sababu haukumtambua mkulima wa juu kama mtu anayepanga naye.

Tumsifu Nnkya, katika kitabu chake cha mwaka 2008, aliuchukua mji wa Moshi na kuonyesha jinsi mipango ya ardhi inavyogongana na haki za wakazi, na jinsi wakazi wasivyonyamaza. Kazi hizi mbili zinathibitisha kwamba uzamivu katika mipango unaweza kuwa silaha ya umma. Zinathibitisha pia upungufu tunaoulalamikia: zote mbili ziliandikwa kwa Kiingereza. Hoja iliyojengwa kwa jasho la Chekereni inasomwa vizuri zaidi Copenhagen kuliko Chekereni.

KITAI KAMA KIPIMO

Sasa tuje Kitai. Mahali hapa ni njia panda kwenye barabara kuu ya Songea–Mbinga. Barabara kuu inaendelea Mbinga na kuteremka hadi Mbamba Bay, kwenye Ziwa Nyasa. Tawi la pili linaelekea Ruanda na Lituhi, likipita ukanda wa makaa ya mawe ya Ngaka. Liko pia Gereza la Kitai na mashamba yake. Kwa muda mrefu pamejulikana kwa hayo tu.

Mambo yamebadilika upesi. Lami kutoka njia panda ya Peramiho hadi Mbinga ilijengwa kwa fedha za Marekani mwanzoni mwa miaka ya 2010, na baadaye ikafika Mbamba Bay. Uchimbaji wa makaa ya Ngaka ulianza mwaka 2011. Mwaka 2016 Serikali ilipozuia makaa kutoka nje, viwanda vya saruji viligeukia Ngaka. Na kuanzia mwishoni mwa 2021 makaa ya Ruvuma yalianza kusafirishwa kwa wingi kwenda nchi za nje kupitia bandari ya Mtwara. Malori hayo hutokea Kitai kuingia barabara kuu. Ujenzi wa bandari mpya ya Mbamba Bay ulianza mwaka 2024, na reli ya kutoka Mtwara imekuwa katika mipango ya taifa kwa miaka mingi. Tanzania na nchi jirani zilikubaliana juu ya Ushoroba wa Mtwara tangu mwaka 2004.

Mwanafunzi wa uzamili akiletewa ramani hii atafurahi. Ataona kitovu, ataona ushoroba, atachora duara. Sisi tunamtaka kwanza aulize maswali ya aina nyingine. Viwanja vya kando ya lami vinanunuliwa na nani, na vilikuwa shamba la nani? Malori yatasimama wapi, na vumbi lake litamwangukia nani? Mama lishe, ambaye ndiye soko la kwanza la kila njia panda, amewekewa nafasi katika mchoro, au atafukuzwa siku mchoro utakapofika? Mahindi ya wakulima yatalimwa wapi viwanja vitakapomaliza mashamba ya karibu? Chalinze na Makambako zinatufundisha kwamba njia panda haimsubiri mpangaji. Mwenye fedha hutangulia, mpima hufuata, na mpangaji huitwa mwisho ili ayabariki yaliyokwisha kufanyika.

Tena mpangaji huyo ajue kwamba Mbinga haikosi wapangaji. Wamatengo walipobanwa milimani wakati wa vita vya karne ya 19, waligundua kilimo cha ngolo. Wanaume hufyeka nyasi na kuzilaza kwa mistari inayokatana. Wanawake huzifunika kwa udongo uliochimbwa katikati. Na mteremko wote hubaki na vishimo vinavyoshika maji na kuzuia udongo usimomonyoke. Ardhi nayo waligawana kwa ntambo, yaani mgongo wa mlima ulio kati ya vijito viwili, ambao ukoo mmoja huumiliki kuanzia msitu wa juu mpaka bonde la chini. Hiyo ni mipango ya eneo kamili: maji, kuni, chakula na makazi katika kipande kimoja. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo na wa Chuo Kikuu cha Kyoto waliichunguza katika miaka ya 1990 na kuisifu. Wakulima walipozidi milimani, wengi waliteremka kutafuta ardhi katika miombo ya upande wa mashariki, walikokwenda na maarifa yao. Anayefika Kitai na kuandika kwamba eneo halina mpango anaandika kwamba yeye hajauona.

SWALI LA LUGHA NI SWALI LA MADARAKA

Hapa tunafika kwenye kiini cha hoja yetu. Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5 ya mwaka 1999 inasema kwamba pakiwa na nia ya kuhamisha ardhi ya kijiji isiyofikia hekta 250 kuwa ardhi ya matumizi mengine, mkutano mkuu wa kijiji ndio unaokubali au kukataa. Sheria Na. 6 ya mwaka 2007 nayo inaifanya halmashauri ya kijiji kuwa mamlaka ya kupanga matumizi ya ardhi ya kijiji, na mpango unapelekwa mbele ya mkutano mkuu uupitishe. Kwa sheria, basi, mkulima wa Kitai ni mpangaji. Ana madaraka ya kusema hapana.

Lakini hapana isiyojua inakataa nini si madaraka, na ndiyo isiyojua inakubali nini ni hatari zaidi. Katika kijiji kimoja tulikoendesha semina ya viongozi, wajumbe walitutolea kabatini mpango wa matumizi ya ardhi ya kijiji chao. Ulikuwa na muhuri, saini na ramani nzuri, nao ulikuwa kwa Kiingereza mwanzo hadi mwisho. Hakuna mjumbe aliyeweza kutueleza rangi ya zambarau inawakilisha nini, nayo ilikuwa imefunika malisho yao. Waliupitisha kwa kunyoosha mikono.

Mwaka 2021 Bunge, kwa Sheria Na. 1 ya mwaka huo, lilikifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na ya mahakama. Ni hatua ya kimapinduzi. Basi inakuwaje sheria ya ardhi iwe kwa Kiswahili, hukumu ya ardhi iwe kwa Kiswahili, na tasnifu inayomtayarisha mtu wa kupanga ardhi hiyo iandikwe na kutetewa kwa Kiingereza? Wengine watasema istilahi hazipo. Zipo: mpango kabambe, ukanda, kiwanja, urasimishaji, matumizi bora ya ardhi, yote yanatumika kila siku katika ofisi zetu. Kinachokosekana ni shuruti. Mtu aliyesoma miaka miwili kwa lugha ambayo mkutano wa kijiji hauijui, akatahiniwa na watu wasiokaa katika mkutano huo, atakuwa amezoeshwa kuwajibika juu na si chini. Hii ni kasumba, na haiondolewi kwa hotuba.

TUFANYE NINI

Tunapendekeza mambo manne.

(a) Azimio la Musoma la mwaka 1974 lilitaka kijana afanye kazi kwanza kabla ya kuingia chuo kikuu. Sharti lile lilikuwa na matatizo yake na likaachwa. Lakini kwa uzamili wa mipango, fikra yake bado ni sahihi: mwombaji awe amefanya kazi kijijini au katika halmashauri, na wale aliofanya nao kazi waulizwe. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake.

(b) Utafiti wa tasnifu usiwe wa wiki mbili za kugawa madodoso. Mtafiti akae msimu mmoja wa kilimo, tangu kulima mpaka kuvuna, maana ardhi ya Januari si ardhi ya Agosti.

(c) Kila tasnifu inayohusu kijiji au mji mdogo iwe na toleo kamili la Kiswahili, si ufupisho wa ukurasa mmoja. Mtahiniwa aliwasilishe mbele ya mkutano mkuu wa mahali husika kabla ya kupewa shahada. Maswali ya wananchi na majibu yake yaingizwe katika tasnifu. Akishindwa kueleweka pale, arudi akaandike upya.

(d) Matawi yetu nayo yasikae yakingoja. Darasa la siasa katika maeneo kama Kitai lifundishe kusoma ramani, kusoma sheria ya ardhi ya kijiji, na kuhesabu hekta. Kiongozi wa tawi asiyejua hekta 250 ni kiasi gani hataweza kuwasaidia wenzake siku ombi litakapoletwa mezani.

Wako watakaosema kwamba masharti haya yatashusha hadhi ya shahada. Sisi tunaona kinyume chake. Ni rahisi zaidi kuwaridhisha watahini watatu wanaotumia vitabu vile vile kuliko kuwaridhisha wakulima mia tatu, kila mmoja akiijua mipaka ya shamba lake kwa miguu yake. Shahada itakayopita mtihani huo itakuwa na hadhi ambayo hakuna chuo cha ng'ambo kinachoweza kuitoa.

Malori ya makaa hayatasimama kungoja mjadala huu uishe, na bei ya kiwanja cha njia panda haitashuka. Kwa hiyo kazi ya haraka ni ya pande mbili. Vyuo vibadili kanuni za kutahini. Vijiji vya barabara ya Songea–Mbinga vidai, kuanzia sasa, kwamba hakuna mpango utakaopigiwa kura mpaka usomwe mkutanoni kwa Kiswahili, ukurasa baada ya ukurasa, na anayeusoma awepo kujibu.